Majibu ya Bi Chaki

Tangu asubuhi Bi Chaki alikuwa anachungulia lango la shule. Miaka ishirini na miwili anafundisha, wanafunzi tisini kwenye madawati thelathini, na hajawahi kumwogopa mgeni namna ile. Mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi wa elimu, na alikuwa anakuja kumwona Kasuku.

Kasuku ni binti wa miaka tisa, haoni. Walimbandika jina hilo kwa sababu akisikia kitu mara moja kimeshaingia kichwani. Shule haikuwa na hata kitabu kimoja cha nukta nundu. Ilikuwa na kishikwambi kimoja cha mradi, chenye mwalimu wa akili mnemba: anauliza kwa sauti, mtoto anajibu kwa kusema au kubonyeza. Ukipata anakupandisha ngazi, ukikosa anakurudisha. Mtoto asipopanda, kishikwambi kinahamishiwa shule nyingine. Hapo ndipo Bi Chaki alipoharibu, masikini, kwa huruma yake! Kila mapumziko alikibonyezea majibu mwenyewe. Mawili matatu tu, alijiambia. Yakafika mia mbili.

Basi Kasuku akapandishwa hadi hesabu za sehemu, na kutoa kwa kukopa bado kunamsumbua. Wiki mbili hizi alikuwa anakaa kimya, hedifoni mapajani. Amechoka tu, Bi Chaki alijidanganya.

Mkaguzi akaingia. Watoto wengine wakatolewa nje. Akachomoa hedifoni ili wote wasikie.

"Huyu ndiye bingwa wetu? Haya mama, tusikie."

Kishikwambi kikauliza. Kasuku akameza mate. Kikauliza tena. Kasuku akainamia dawati. Bi Chaki akisema ukweli, kazi imekwenda na maji, na nyumbani wanamtegemea yeye peke yake.

Mkaguzi akatoa kalamu. "Huyu hawezi. Kifaa tukipeleke shule nyingine."

"Anaweza!" Sauti ilimtoka Bi Chaki kabla hajajipanga. "Aliyekuwa anajibu ni mimi, mzee. Yote ni mimi. Mrudishe mwanzo uone."

Mkaguzi alimkazia macho mpaka Bi Chaki akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akakirudisha kifaa mwanzo. Kasuku akajibu swali la kwanza, la pili, la saba, chapuchapu. Mkaguzi akaandika, hakusema anaandika nini.

"Kishikwambi kibaki kwanza. Wewe, mwalimu, kesho saa mbili ofisini kwangu."

Alipotoka, Bi Chaki akajibwaga kwenye dawati. Kasuku akapapasa mpaka akaupata mkono wake. Ulikuwa wa baridi.

"Mwalimu, kumbe siku zote hizi si mimi niliyekuwa mjinga?"

"Si wewe, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto akaukaza mkono wa mwalimu.

"Mimi nilishamwambia mama kuanzia kesho siji tena shule."