Sakafu ya Bwana Mifugo

Sijawahi kuwa mtu mpole. Nilipokuwa seremala kule Kinampanda, enzi za Mwingereza, kila mtu alijua kwamba kazi yangu ikiguswa nawaka. Labda ndiyo maana Mungu akanipa mama mkwe.

Bwana mifugo, Mzungu mgeni, alitaka sebule yake iwe na sakafu ya mbao za mninga. Kazi za namna hiyo walizoea kupewa Makalasinga, mafundi wa Kihindi kutoka Dodoma. Safari hii nilipewa mimi, kwa sharti moja: saruji ya chini ikauke kabisa, maana mbao zikinywa unyevu huvimba na kubinuka.

"Jumamosi naja kukagua," alisema. "Nikikuta maji, namwita Kalasinga."

Nilitia madirisha mapema, mvua isiingie. Mbao nikazipanga ndani kwa kuziachia nafasi, zizoee hewa ya nyumba. Kila jioni nilifunika bilauri juu ya saruji. Asubuhi ikiwa na jasho kwa ndani, bado. Alhamisi haikuwa na jasho. Nikarudi nyumbani naimba, nikamwambia mke wangu, "Kesho kafagie pale, pawe safi."

Kosa langu ndilo hilo. Mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Misigiri, wakaenda wote. Na kwetu hakuna mwanamke wa heshima anayefagia bila kunyunyiza maji, seuze kuiacha sakafu ya mkwewe bila kuisiriba kwa mavi ya ng'ombe.

Nilipofika mchana, sebule nzima ilikuwa imesiribwa, mbichi, ina michoro mizuri ya vidole. Mama mkwe alikuwa bado amepiga magoti kwenye kona. Lakini mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Nikageukia ukuta na hasira zangu.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, "ahsante sana."

"Mwambie mkwe," sauti ikajibu nyuma yangu, "hapa mlangoni mavi yamepungua. Kesho nitaleta mengine."

Kesho yake akaja Bwana mifugo.

"Nani kafanya hivi?"

Ningemtajaje mama mkwe mbele ya Mzungu?

"Mimi," nikasema.

Akaitazama ile michoro ya vidole, kisha mikono yangu. Mavi ya ng'ombe alikuwa anayafahamu vizuri. Akanipa wiki mbili, za mwisho.

Mke wangu alimweleza mama yake yote. Asubuhi nilimkuta mama mkwe anakwangua sakafu kwa kipande cha debe. Ilipokwisha takata, akakaa mlangoni na ufagio mkavu, kila siku. Alifukuza kuku, alifukuza majirani, na mimi mwenyewe nilirudishwa siku moja kwa sababu ya miguu yenye umande.

Siku ya ukaguzi mvua ilimwagika. Bwana mifugo akaja mbio, mabuti yanachuruzika. Mama mkwe akaukingamisha ufagio mlangoni.

"Hii nyumba yangu!" Mzungu akafoka.

Mama akamjibu kwa Kinyiramba, na ufagio haukushuka. Nilijua kazi yangu imekwisha. Yule bwana akasimama palepale mvuani, akainama, akavua mabuti, akaingia na soksi. Akainua bilauri niliyoifunika tangu jana, akapitisha kidole ndani yake.

"Kavu," akasema. "Anza."

"Mwambie mkwe," mama akamwambia binti yake, "hata huyu nimemnyima njia na maji yake."

Siku hiyo niliivunja adabu ya ukwe. Sikumtuma mtu.

"Ahsante, mama," nikasema mwenyewe, ila nilikuwa nimetazama ukuta, maana machozi yalikuwa yananitoka, na sakafu ile haikutakiwa kupata hata tone.