Adui wa Karibu Kwenye Kipaimara

Jumamosi, kwenye kipaimara kule Masama, binti mmoja wa mjini alitoa karata za mapicha, akaanza kuwatabiria wageni asiowajua. Wataalamu siku hizi hawasubiri kuulizwa. Akamshika mkono mwanamke mmoja, ambaye asubuhi ile tu alikuwa amepatanishwa na mama mkwe wake kwa jani la sale, lile la kimila la kuombea msamaha.

“Dada, una adui. Yuko karibu sana!”

Mwanamke akamgeukia mama mkwe, uso umekunjamana.

Mama mkwe akaitua kata yake ya mbege, pombe ya ndizi. “Karibu kiasi gani, mwanangu? Mimi niko ng'ambo ya meza. Wewe ndiye uliyemshika mkono.”

Mkamwana akacheka, akauchomoa mkono, akamjazia mkwewe kata. Mtabiri akahamia kwa wanaume, akawatabiria utajiri wa kahawa, kwa bei hizi za kutupa! Na bado, jamani, wakamwongezea nyama.