Mtaalamu wa Ngano Kutoka Tlawi

Safari hii niliitafuta mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mwaka ule ofisi ya elimu ya watu wazima pale Mbulu ilipanga msimu wa mazungumzo ya waandishi wa hapa kwetu: Jumamosi moja kila mwezi, bure, yeyote aje asikilize. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyeandika juu ya mizinga ya nyuki. Wa pili mkunga aliyeandika juu ya kulea watoto. Wa tatu nilikuwa mimi, ambaye sikuwa nimemaliza kuandika chochote. Nilikuwa na daftari moja la hadithi za shangazi yangu Maria, nililolinakili upya mara tisa, kila mara nikianza tena kwa sababu ya neno moja lililokatwa.

Bwana Mdoe, afisa mwenyewe, mtu wa Tanga, alinipa sharti. "Wasikilizaji wakikaa mpaka mwisho, daftari nalipeleka kwa mpiga chapa. Wakiondoka, ndugu yangu, karatasi ni chache, nitampa mwingine."

Akaniuliza jina la mazungumzo. Nyumbani Tlawi tunasema hadithi, basi. Lakini mimi niliishia darasa la saba, na aliyeishia darasa la saba akipata kamusi huwa hatari. Humo nilikuwa nimekuta kwamba hadithi za kale huitwa ngano. Nikaandika: "Ngano za Wazee wa Mbulu." Bwana Mdoe, ambaye kwao neno hilo ni la kawaida, akasema, "Safi kabisa!" na kutuma tangazo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka linakotumwa: shamba la ngano la serikali, huko Hanang, ambako zamu yangu ilipangwa.

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya safari, shangazi alinipa mahindi ya kuchoma na onyo. "Usimharibu fisi wangu."

"Sitamharibu, shangazi." Nilikuwa nimeshamharibu, katika nakala ya saba.

Mbulu mjini nilipata lori la maharage. Dereva aliuliza ninakwenda kufanya nini shambani.

"Kuzungumza juu ya ngano, shikamoo."

"Marahaba. Ee, mtaalamu! Toka huko juu ya magunia, njoo ukae mbele."

Nilikaa mbele nikiwaza kwamba kumbe nchi hii inawaheshimu waandishi. Hadi Dongobesh nilisoma daftari nikitafuta makosa. Hadi Haydom nilitafuta tena, nikihofu kwamba yamejificha. Nilipoinua macho tulikuwa tumeshuka uwandani, mlima Hanang umesimama peke yake mbele yetu, na kutoka barabarani mpaka upeo wa macho hakuna kitu ila ngano. Niliitazama kwa furaha. Bado sikushtuka.

Saa tisa alasiri tulifika. Mama Rejina, mpishi wa bwalo la wafanyakazi, alinipokea kwa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mtaalamu mwenyewe kijana hivi? Haya, ingia, watu wamekuja na masuke yao."

Kweli, bwalo lilijaa, na wengi walishika masuke ya ngano. Nilidhani ni desturi yao ya kupokea wageni. Nikawapungia mkono.

Kabla sijafungua daftari, dereva mmoja wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, alisimama, akapangusa suke lake, akanionyesha kidole kilichojaa unga mwekundu.

"Mtaalamu, huu ugonjwa wa kutu tunauzuiaje?"

Nilitazama kidole. Nikatazama jalada la daftari. Ngano. Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti, mahali ambapo sikujua kwamba binadamu hutoka jasho.

"Mimi," nikasema, "ninazungumzia ngano ... zile za fisi."

"Fisi wanakula ngano?" mtu akauliza kwa hofu ya kweli.

Nilieleza. Nilitaja kamusi, Mungu anisamehe, na nilitaja ukurasa. Mabenchi yakaanza kulia, watu wakiinuka. Nililiona daftari langu likirudi Tlawi kunakiliwa mara ya kumi.

Mlangoni alisimama mfugaji mmoja wa Kibarbaig, shuka begani, fimbo mkononi. Akapaza sauti: "Kijana! Katika hiyo ngano yako, ng'ombe wanapita?"

Bwalo zima lilicheka, na waliosimama wakageuka kuona nitajibu nini. Kila mtu alijua njia za ng'ombe za kwenda kunywa maji zilikuwa zimelimwa na shamba, na ng'ombe akikutwa ndani ya ngano, kesi.

"Wanapita," nikasema.

"Wapi?"

Daftari nikaliacha mezani. Nikasema: fisi alikalia njia ya ziwani, akaamuru kila ng'ombe anayetaka kupita ampe shikamoo. Wakampa, mmoja mmoja, hata wenye mimba. Akaja ng'ombe kikongwe, akasimama tu. Fisi akanguruma. Ng'ombe akamtazama. "Mimi nilimwona mama yako akikunyonyesha. Nani amsalimie nani?" Fisi akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Hapa ndipo nilipomharibia shangazi fisi wake. Daftarini ng'ombe anajibu, "Nimeipokea salamu yako, ewe mnyama," kwa kuwa niliona ng'ombe wa kitabuni hawezi kusema kama shangazi. Sikuwahi kulitamka jibu hilo. Bwalo lilinitangulia:

"Marahaba!"

"Marahaba, mwanangu," nikamalizia. "Haya, pisha."

Mfugaji aligonga fimbo sakafuni. "Nina ng'ombe mmoja mzee. Kesho namleta, aje apewe shikamoo na meneja!"

Meneja wa shamba, aliyekaa mstari wa mbele, alicheka akiwa amechelewa kidogo.

Jumatatu nilirudi Mbulu nikatoa taarifa. "Aliondoka mmoja tu, yule wa kutu. Alikuwa na haki." Bwana Mdoe alilitazama tangazo lake ukutani, akalisoma kwa sauti, akajishika kichwa. Kisha akanyoosha mkono. "Lete daftari."

"Nipe wiki moja. Kuna jibu la ng'ombe lazima nilirekebishe, nitanakili upya."

"Rekebisha sasa. Nimesimama."

Hivyo, mbele yake, nilikata mstari mzima kwa kalamu, wino ukasambaa, na juu yake nikaandika neno ambalo sikulitoa kwenye kamusi: Marahaba. Ukurasa ulikuwa mbaya kuliko zote. Nikampa.