Sharti Lililochemsha Ratiba

Sikulala kwa swali moja: ratiba haipo, au ipo ila mimi ndiye siwezi kuipata?

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio katika shule binafsi ya sekondari huku Mbagala. Mkuu wa shule, mama asiyepaza sauti hata akikasirika, alisikia nina digrii ya kompyuta, akanikabidhi kazi ya kupanga ratiba ya vipindi vya muhula. "Jumatatu ibandikwe," alisema. "Tukiona kazi yako, tutazungumza habari za mkataba."

Niliandika programu, ikatoa ratiba papo hapo. Kisha walimu wakaanza kuja. Kila niliyempa shikamoo aliitikia, akaniachia na sharti: mwanangu, Ijumaa nitoke mapema niwahi msikitini, mwanangu, maabara isigongane. Sikulelewa kumkatalia mkubwa, nikayapokea yote. Programu iliendelea kujibu haraka kama mwanzo. Halafu likaongezeka sharti moja, la kawaida tu, ikanyamaza. Ilizunguka siku nzima bila kusema ndiyo wala hapana.

Nikaogopa, kwa sababu jambo hili niliwahi kufundishwa. Mhadhiri wetu alisema matatizo ya kupanga yana tabia ya maji jikoni: unaongeza moto, maji ni yaleyale, unaongeza tena, ni yaleyale, kisha joto kidogo tu linayageuza mvuke. Masharti ndiyo moto. Wanafizikia waliochunguza chembe za sumaku walikuta hesabu zao zinafanana na zetu. Na pale mpakani, kati ya maji na mvuke, alisema, ndipo kompyuta huteseka zaidi. Chuoni lilikuwa jambo la mtihani. Sasa lilikuwa limekalia mkataba wangu.

"Braza, hiyo digrii walikufundisha kusubiri?" alinitania mwalimu wa taaluma, aliyekuwa akipanga ratiba kabla yangu. "Mie nilikuwaga napanga kwa penseli na chai."

"Niazime basi hiyo penseli."

Alicheka. Mimi nikageukia kompyuta.

Nikaanza kuondoa sharti mojamoja nione lipi linakaba. Yakabaki matatu. Mkuu alitaka hisabati ya kidato cha nne iwe kabla ya mapumziko kila siku. Mwalimu wa hisabati, mama wa makamo anayetoka Kimbiji kwenye barabara mbovu, aliomba asipangiwe vipindi viwili vya kwanza. Mwalimu wa fizikia wa kidato hichohicho, anayefundisha pia shule nyingine, aliweza kuja kwa vipindi viwili tu, vile vya mwisho kati ya vinne vya kabla ya mapumziko, na vyote alivihitaji. Mawili yoyote yalikaa pamoja. Matatu, hapana. Ni kama zile chembe tatu za sumaku tulizochora ubaoni chuoni, kila moja ikitaka kuelekea kinyume na wenzake, na njia ni mbili tu, juu au chini. Mmoja lazima audhike.

Rahisi kumuudhi alikuwa mama wa Kimbiji. Angechelewa, angepigiwa mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, angenyamaza. Nilimpangia kipindi cha kwanza, programu ikajibu mara moja, nikachapisha. Karatasi ilipendeza. Nikaishika nikiwaza: akifukuzwa kwa kuchelewa, ni mimi niliyesababisha. Nikimgusa mkuu, nafukuzwa mimi. Labda ipo ratiba nyingine nisiyoiona. Nikayapitia yale matatu tena kwa kidole. Haikuwepo.

Nikaichana ile karatasi. Jumatatu, kabla ya wanafunzi kupanga mstari, nilibisha hodi kwa mkuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ratiba iko wapi?"

"Haipo, mama. Haiwezi kuwepo mpaka sharti moja kati ya matatu liachwe. Naomba liwe lako."