Umeme na Bwana wa Saa

Kiwandani walimwita Umeme, kwa jinsi mikono yake ilivyokimbia juu ya cherehani. Kazi yake ilikuwa kola tu. Shati lilimjia halina shingo, likaondoka na shingo, na miaka ikapita hivyo bila yeye kushona shati zima hata moja. Aliyemfundisha ni wifi yake, dada wa mumewe, waliyeishi naye nyumba moja. Wifi alikaa cherehani ya jirani, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa.

Likaja neno kwamba bwana wa saa atafika kupima kasi. Wote walijua maana yake: kasi atakayoiandika ndiyo itakayodaiwa kwa kila mtu, na atakayeshindwa ataonyeshwa mlango. Wakaelewana pale bombani, wakinywa maji, kwamba kesho ni mwendo wa kobe.

"Na wewe, wifi yangu, kesho ukatike kidogo," wifi mtu alimtania. "Umeme gani huu usiokatika?"

Wakacheka. Naye akacheka, akaapa.

Kesho yake bwana wa saa alisimama nyuma yake. Umeme akaanza polepole, kola ya kwanza, ya pili. Msimamizi akapita, akasema kwa upole, "Huyu ndiye fundi wangu." Hakuna aliyewahi kumwita fundi mahali pale. Mguu ukakanyaga wenyewe. Alipozinduka, mashati yalikuwa kichuguu ubavuni pake na cherehani za mstari mzima zimesimama. Hakuthubutu kutazama kando.

Mwezi haukuisha, wifi akaonyeshwa mlango.

Jioni hiyo Umeme alijikokota njiani makusudi. Alipofika alimkuta wifi amekwishapika, na sare yake ya kazi ameifua, ameianika ili airudishe kiwandani.

"Wifi, mimi siku ile..."

"Najua. Si nilikuwa hapohapo? Njoo ule, kesho una kazi."

Heri angemtukana. Umeme akainamia sahani, machozi yasionekane. Alipoinua uso, sahani yake ilikuwa tupu, na mumewe na wifi ndio kwanza wanaanza.

"Taratibu, mwenzangu," wifi alisema, akimwongezea chakula. "Hapa hakuna anayekupima."

Mumewe akacheka, akidhani ni utani wa mawifi. Umeme akaivuta mikono yake chini ya meza, akaibana katikati ya magoti, wala hakuigusa tena sahani.