Niliwahesabu Tangu Asubuhi

Mimi ni karani wa kuhesabu magunia bandarini hapa Stanleyville, na kiburi changu chote kiko kwenye hesabu. Basi rafiki yangu Antoine alipofika kwa meli kutoka Basoko pamoja na mkewe na watoto, niliapa kwamba hatapotea hata mmoja mikononi mwangu.

Asubuhi niliwahesabu watoto mlangoni: sita. Nikawahesabu kwenye mtumbwi, nikawahesabu tena kwenye maporomoko, wavuvi Wagenia wakivuta mitego yao. Mimi hata samaki mmoja sikumwona. Aliyenitesa ni yule mdogo: mara mbili alijaribu kutoroka, mara mbili nikamkamata na kumfokea. Antoine alitazama pembeni tu. Nikasema moyoni, huyu baba hajui kulea.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama jirani aliyehamia wiki hiyo amekaa chini, uso ndani ya kitenge, analia. Mwanawe hajaonekana tangu asubuhi, na wanaume walikuwa wanamtafuta mtoni. Yule mdogo akaanza tena kunivuta mkono, nikambana. Badala ya kumpa mama pole, nikampa somo.

"Mama, mutoto ni wa kuangalia! Miye nimetembeza batoto sita muchana muzima, na hakuna mwenye amepotea."

Antoine akanishika bega.

"Sita? Ndugu, siye tulikuya na batano. Huyu mudogo, miye nilizani ni wako."

Mama akainua uso. Nilikuwa bado nimemshika mwanawe kwa nguvu, asitoroke.