Mjumbe alikula pilau, kibali kikaisha

Leo nimeharibu posa ya mjukuu wangu hapa Manzese, na siombi radhi.

(Anayeniandikia ni huyohuyo Zuhura anayeposwa. Mie kusoma sikujaliwa.)

Mchumba wake Mkongo, anafanya kazi kiwandani Mikocheni. Kijana mzuri, shikamoo zake mbilimbili.

Watu wanakula, wanacheka, nikamuuliza, "Baba, kibali chako cha kazi kinaisha lini?"

Akaweka sahani chini.

"Mwezi ujao, bibi. Lakini nikishaoa si nakuwa mwenyeji?"

Sambusa ikanishinda.

Maana hata mie nilidhani hivyo. Enzi za Ujamaa niliolewa na Mnyasa wa Malawi, fundi wa kiwanda cha nguo. Alinipenda yule, we acha tu. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja harusini, akala pilau, akaongezewa. Tukasema mjumbe kala, basi serikali imejua, yamekwisha.

Kazi yake ikaisha, na kibali kikaisha nayo. Afisa akatwambia, kwa upole kabisa, "Mama, ndoa ni yenu wawili. Kibali kilikuwa cha kazi."

Mume wangu akaenda kwao kutafuta kibali kingine. Aliniacha na mimba ya mama yake Zuhura. Hakurudi, na mpaka leo hata kaburi lake silijui.

Basi nimesema kesho waende Uhamiaji wakaulize wenyewe, ndipo shehe aitwe.

Zuhura analia huku anaandika.

Haya, nyie mnaosoma, mlitaka ninyamaze nile?